Injini Imeshushwa, Imepandishwa, na Stata Inakataa: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Mitambo

Mtambo ulikuja gereji unawaka. Unatoa moshi, unakula oili, hauna nguvu ya kuchimba, lakini ukizungusha ufunguo stata, ile mota ya umeme inayoigeuza injini mpaka iwake, inapiga. Injini ikashushwa, ikafunguliwa, ikatiwa pistoni, ringi, beringi na gasketi mpya, ikapandishwa. Siku ya kuwasha, mwenye mtambo yupo, opareta yupo, vijana wote wamesimama. Ufunguo unazungushwa: tak! Kisha kimya.

Neno la kwanza utakalolisikia hapo ni hili: "Stata imekufa hiyo, yakhe. Agiza nyengine."

Mimi kazi yangu ni umeme wa mitambo, na makazi yangu ni Chake Chake. Nimeitwa mara nyingi kwenye ekskaveta, greda na shaulo (mitambo ya magurudumu ya kupakia) zilizotoka kufanyiwa ovahoo, yaani injini kufunguliwa na kufanywa upya, Pemba na Unguja, na mara nyingi nimeikuta stata nzima kabisa. Ifikirie hali yenyewe. Stata ilikuwa inapiga siku injini inashushwa, kisha ikakaa wiki tatu pembeni. Haikufanya kazi hata dakika moja, basi imekufa kwa lipi? Yaliyobadilika ni yale yanayoizunguka: nyaya zimefunguliwa na kurudishwa, rangi imepigwa, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) imetoka na kurudi, na injini iliyokuwa legevu sasa imebana. Humo ndimo pa kutafuta kwanza.

Kwetu visiwani kosa hili lina uchungu wake. Stata ya ekskaveta ya tani 20 huipati kila duka. Inatafutwa Unguja, ikikosekana inaagizwa Gerezani kule Kariakoo, inavuka bahari, na ikifika ukaikuta haikuwa dawa, muuzaji harudishi fedha. Kwa hiyo mimi nina mpangilio ambao siuvunji: kwanza naiuliza injini kama inazunguka kwa mkono, pili nauuliza umeme kama unafika, na stata yenyewe naigusa mwisho.

Kabla ya kushika spana

Ndoo ikae chini ardhini, breki ya kuegesha ifungwe, na mtambo wa magurudumu utiwe vizuizi. Ufunguo uwe mfukoni mwako wewe unayelala chini, usibaki kwenye swichi. Ukifungua betri anza na waya wa hasi, ukifunga uwe wa mwisho. Vua pete na saa, kwani betri za mitambo zina uwezo wa kuyeyusha pete kidoleni. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo, basi usiifanyie majaribio ya cheche.

Kuna na ile tabia ya kupiga stata kwa bisibisi, kuunganisha nguzo mbili za solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) ukiwa chini. Umeme ukipita hapo unaikwepa swichi ya gia huru. Shaulo ikiwa kwenye gia itaondoka, na wewe uko baina ya tairi na chesisi. Ukilazimika kuiunganisha moja kwa moja, tumia waya mrefu wenye swichi ya kubonyeza, simama pembeni, na uhakikishe gia kwa macho yako.

Sikiliza, lakini usihukumu kwa sauti tu

Mwambie opareta ashike ufunguo sekunde mbili, wewe usikilize.

Kimya kabisa, hata tak haipo: umeme mdogo wa kuiamsha solenoidi haufiki, au betri zimekatwa na swichi kuu. Tak moja nzito kisha kimya: solenoidi imevuta, lakini umeme mkubwa haupiti, au unapita na injini haigeuki. Mlio wa tatatatata: solenoidi inashika na kuachia. Mota ndani ya stata inalia kwa kasi na injini haigeuki: bendiksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika meno ya flaiwili, haishiki au inateleza. Mkwaruzo wa chuma: meno hayakutani vizuri. Inazunguka kwa uzito, kama imechoka: ama volti zinapotea njiani, ama injini imebana.

Sauti hupunguza upana wa msako, basi. Tatatata ile ile hutolewa na betri dhaifu, na athi mbovu (njia ya hasi kutoka betri hadi chesisi na injini), na solenoidi yenye waya wa ndani uliokatika. Nitarudi kwenye hilo.

Hatua ya 1: Zungusha injini kwa mkono

Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi, na ndiyo inayookoa injini. Zima mafuta. Tia soketi na mpini mrefu kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), au tumia kifaa cha kuzungushia flaiwili kama mtambo unacho. Zungusha taratibu kwa upande injini inakozunguka, mizunguko miwili kamili. Inatakiwa miwili kwa sababu injini ya mipigo minne inahitaji mizunguko miwili ya krenki ndipo kila silinda ipite kwenye mgandamizo wake.

Injini mpya huwa nzito kuliko ya zamani, hilo la kawaida. Unachokitafuta ni uzito unaokuja na kuondoka kwa mpangilio: mpini unakuwa mzito silinda inapogandamiza, unakuwa mwepesi, kisha mzito tena.

Ukigota mahali, mpini ukakataa, SIMAMA. Usiongeze bomba, usiite mtu wa pili. Kugota ghafla huweza kuwa maji au mafuta yaliyojaa ndani ya silinda. Maji ya kupozea hupenya kwenye gasketi ya silinda hedi au raba za laina zilizokaa vibaya, na dizeli hudondoka kutoka nozeli inayovuja. Kimiminika hakigandamiziki. Ukikilazimisha kwa stata, konrodi, ule mkono unaoiunga pistoni na krenki, ndiyo itakayopinda. Toa nozeli zote, zungusha tena kwa mkono, na usiweke uso juu ya matundu, kwani kitakachotoka kinatoka kwa nguvu. Rangi yake na harufu yake vitakuambia kimetoka wapi. Ikiwa silinda ni kavu na bado inagota mahali pale pale, chuma kinagonga chuma: valvu na pistoni, au taimingi imefungwa vibaya.

Ikiwa uzito ni ule ule mzunguko mzima, haupandi wala haushuki, fikiria beringi. Kofia za beringi kuu zimechanganywa namba au zimegeuzwa, au krenki imechongwa kwa saizi moja na beringi zimenunuliwa saizi nyengine.

Kisha lipo moja ambalo kwenye ekskaveta nalitilia mkazo. Ekskaveta haina klachi baina ya injini na pampu za haidroli. Pampu zimefungwa moja kwa moja kwenye flaiwili kwa kapling, kwa hiyo stata inapozungusha injini inazizungusha na pampu. Kapling ikifungwa ndani zaidi ya kipimo chake, unapokaza bolti za pampu unaisukuma krenki mbele. Krenki inatakiwa iwe na mwendo mdogo wa mbele na nyuma, sehemu ndogo tu ya milimita moja. Upime mwendo huo kabla ya kufunga pampu, upime tena baada ya kuikaza. Ukiwa umetoweka, fungua urekebishe. Mtambo kama huo ukiwashwa unaweza ukafanya kazi, lakini beringi za kuzuia krenki zitalika kwa muda mfupi, na ovahoo yote ya bwana wa watu itakuwa imepotea. Kwenye shaulo zenye toki konveta (kiungo cha oili baina ya injini na gia) hesabu ni hiyo hiyo.

Injini ikizunguka vizuri kwa mkono, ndipo tuende kwenye umeme.

Hatua ya 2: Betri, zikipimwa kwenye kazi

Mitambo mingi mikubwa hutumia volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatanishwa. Pima kila moja peke yake. Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12 usiendelee na kipimo chochote, ichaji kwanza, maana mtambo ulikaa wiki kadhaa na betri hazikuchajiwa.

Betri iliyolala inadanganya. Inaweza kusoma 12.6 na isiwe na nguvu ya kugeuza hata injini ya bodaboda. Kwa hiyo zima mafuta ili injini isiwake, mpe opareta ufunguo, na usome volti za betri zote mbili pamoja wakati stata inapiga. Zisishuke chini ya 18 hivi. Zikishuka, pima moja moja katika hali hiyo hiyo. Moja ikibaki 10 na nyengine ikianguka hadi 7, mgonjwa wako umempata. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili, kwani betri mpya ikifungwa na iliyochoka huburuzwa na mwenzake.

Hatua ya 3: Njia ya umeme mkubwa, na hasa athi

Kama una nusu saa tu ya kazi, itumie hapa.

Stata ya mtambo mkubwa huvuta mamia ya ampea. Chukua ampea 500, kisha fikiria kiungo kimoja chenye ukinzani wa ohm 0.01, kiasi ambacho mita ya kawaida ya mkononi haiwezi kukisoma kwa uhakika. 500 mara 0.01 ni volti 5, zimepotea kwenye kiungo kimoja. Ndiyo maana taa ya majaribio inawaka vizuri na fundi anasema "umeme upo". Upo kwa taa inayokula ampea chache, kwa stata haupo.

Kipimo sahihi ni cha volti zinazopotea, na hufanywa stata ikiwa inapiga. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mwekundu wa mita uguse nguzo chanya ya betri, ile risasi yenyewe na si kibano chake. Mweusi uguse nguzo kubwa ya stata, iliyoandikwa B au 30. Opareta apige. Mita ikisoma zaidi ya volti 1 kwenye mfumo wa 24, njia ya chanya ina tatizo. Halafu upande wa pili: mweusi kwenye nguzo hasi ya betri, mwekundu kwenye mwili wa stata. Hapo pia isizidi 1. Ukikuta zaidi, sogeza mita kiungo kwa kiungo: nguzo na kibano, kibano na waya, swichi kuu upande huu na ule, waya na chesisi, chesisi na injini. Pale namba inaporuka ndipo palipo na ubovu.

Nitoe mfano wa kweli. Ekskaveta moja kwenye machimbo ya mawe huku Pemba ilifanyiwa ovahoo, injini ikapakwa rangi ikapendeza. Ikakataa kupiga. Stata ya pili ikaletwa kwa boti, ikapiga kwa uzito siku mbili, ikaungua. Nilipofika, mwenye mtambo, mzee wa makamo, akaniambia, "Mwanangu, nimeshanunua stata moja, sinunui ya tatu mpaka unioneshe kwa macho." Tulipiga ile ya zamani. Betri zilisoma 22.1. Chanya ilipoteza 0.8. Upande wa hasi ulipoteza 7.2. Stata ilikuwa inaletewa volti 14 na inatakiwa ifanye kazi ya 24. Waya wa athi ulikuwa umefungwa juu ya rangi mbichi, kwenye chesisi na kwenye injini, kote kuwili. Tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukafunga, na ile stata iliyokwisha kutupwa ikaizungusha injini. Mzee aliishika ile mita mkononi akaitazama kwa muda mrefu.

Watu huniuliza, umeme ukiwa kidogo si stata ingefanya kazi kidogo tu, kwa nini iungue? Kwa sababu mota inapozunguka kwa kasi huzalisha umeme wa kinyume unaozuia ampea kupanda. Ikizunguka kwa uzito kizuizi hicho hupungua, feni yake ni hiyo kasi yenyewe na haipo, na opareta kwa kuona haijawaka anashikilia ufunguo muda mrefu. Joto linapanda, kaboni zinazopitisha umeme ndani ya stata zinaungua, vigusio vya solenoidi vinashikana.

Athi ina ubaya mwengine. Waya wake ukisahauliwa kabisa, umeme hautasimama. Utatafuta njia: kebo ya akseleta, mabomba ya haidroli yenye nyavu za chuma, hata beringi za krenki. Nimewahi kuona kebo ya akseleta ikifuka moshi. Cheche zinazopita kwenye beringi huacha vishimo, nazo ni beringi mpya ulizotoka kuzifunga. Kwa hiyo kabla ya kupiga stata mara ya kwanza baada ya ovahoo, upapase waya wa athi kwa mkono wako kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na chumvi usiisahau. Hewa ya bahari, na hasa mitambo inayofanya kazi ufukweni wakati wa kusi, huila shaba ikiwa ndani ya plastiki yake. Nje waya unaonekana mpya. Ukunje karibu na kichwa chake: ukisikia unavunjika kama majani makavu, au ukichana plastiki ukaona unga wa kijani, ukate wote uweke mwengine wa unene ule ule au zaidi. Usiuunge. Vumbi la mawe ya chokaa linalonata na unyevu huzidisha mambo, basi safisha viungo vyote kwa msasa, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi ije baada ya kukaza.

Stata nyingi hupata athi kupitia flenji yake, kwa hiyo na hapo pasiwe na rangi. Baadhi zina nguzo yake ya hasi iliyotengwa na mwili, yenye waya wake peke yake. Kwa hizo, kipimo cha upande wa hasi upime kwenye nguzo hiyo.

Hatua ya 4: Umeme mdogo

Hii ni kwa ule ukimya usio na tak. Pima nguzo ndogo ya solenoidi, iliyoandikwa S, C au 50, ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Ikisoma 20 au zaidi na solenoidi haivuti, tatizo ni solenoidi au athi yake. Ikisoma sifuri au kidogo, rudi nyuma: rilei, fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya gia huru, na kwenye ekskaveta nyingi swichi ya ule mkono wa usalama pembeni ya kiti, ambao lazima uwe umefungwa ndipo stata ikubali. Baada ya ovahoo, mara nyingi ni plagi iliyobaki inaning'inia nyuma ya injini, au waya mdogo ulioingizwa nguzo isiyo yake. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Ukiwa hukupiga, tafuta mtambo wa aina hiyo hiyo ukautazame.

Hatua ya 5: Meno

Stata ikizunguka bure au ikikwaruza, ifungue utazame meno ya bendiksi na ya ringi ya flaiwili kupitia tundu lake. Zungusha injini kwa mkono ukague ringi nzima, kwani injini hupenda kusimama sehemu zile zile na meno ya hapo ndiyo huchakaa.

Ikiwa ringi ilibadilishwa, hakikisha idadi ya meno ni ile ile, na kwamba ule upande wa meno uliochongwa mshazari unatazama bendiksi inakoingilia. Nimekuta ringi imegeuzwa. Hakuna dawa isipokuwa kuteremsha flaiwili, kuipasha ringi moto sawasawa na kuipachika upya. Kumbuka pia zile shimu au pleti nyembamba zilizokuwa baina ya stata na hauzingi. Zikisahauliwa, bendiksi huingia mno au haifiki. Paka grisi ya rangi kwenye meno, piga kidogo, fungua utazame alama ya mgusano.

Hatua ya 6: Sasa stata yenyewe

Ukifika hapa umepata haki ya kuishuku. Pima baina ya nguzo ya B na ile ya M inayoingia kwenye mota, ufunguo ukishikiliwa na tak imesikika. Mita ikisoma karibu volti zote za betri, vigusio vya solenoidi vimeungua na havipitishi. Ikisoma karibu sifuri, volti zimefika M, na mota imelala, basi ni kaboni zilizokwisha au kukwama, au amecha (sehemu ya mota inayozunguka) imekatika. Ikiwa volti za betri zinaporomoka sana na injini ulishaihakikisha kwa mkono, amecha au koili imepiga shoti.

Ile tatatata: pima betri na pia nguzo ya B wakati inalia. Betri zikianguka, ni betri. Betri zikisimama na B ikaanguka, ni waya au viungo. Zote zikisimama imara, ni waya wa kushikilia ndani ya solenoidi, au umeme mdogo usiotosha.

Bendiksi inayoteleza baada ya ovahoo ina sababu moja ninayokutana nayo kila mara: vijana wameiosha kwa dizeli au petroli pamoja na vyuma vyengine. Klachi yake ndogo ina grisi ya ndani isiyorudishwa. Stata ifutwe kwa kitambaa, isitumbukizwe.

Na stata ikizunguka vizuri mezani, hapo hujapata ushahidi wa kitu. Mezani haina mzigo. Ushahidi ni volti na mizunguko ikiwa imefungwa kwenye injini.

Siku ya kuwasha

Stata nyingi huungua siku hii. Jaza filta ya oili, toa hewa kwenye mafuta kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kwa sababu injini yenye hewa haitawaka hata ukiipiga mpaka magharibi. Piga stata mafuta yakiwa yamezimwa, sekunde 10 hadi 15, pumzisha dakika 2, rudia mpaka geji ya oili inyanyuke. Kisha fungulia mafuta.

Ikishawaka na kuzimwa mara tatu nne, pitisha mkono kwenye viungo vyote vya waya mkubwa, chanya na hasi. Kiungo chenye joto kuliko wenzake kifungue ukisafishe tena siku hiyo hiyo, na kesho yake jioni, mtambo ukishashinda kazini, rudi na spana ukaze nati zote za betri, athi na stata kwa mara nyengine.